Kifaranga cha Kifuani

Juzi, uwanjani Mtama, binti yangu alivuta pampu yake ya pumu, akanyoosha miguu polepole, akangoja zamu yake ya kukimbia. Nikakumbuka harufu ya salfa.

Nilipokuwa mdogo, wakubwa walikuwa wakiipulizia mikorosho kama dawa, nasi watoto tukifukuzana humo humo kwenye vumbi la njano. Kifua changu kikaanza kupiga miluzi. Bibi akanikalisha barazani.

“Mjukuu wangu, kifua chako si cha mbio.”

Nikaamini kuna kifaranga humo ndani, na nikikimbia kinaamka kulia. Tangu hapo nilitembea kwa kunyata. Pumu hatukuijua.

Binti yangu alirudi wa tatu, anahema, anacheka. “Mama, sikiliza!”

Nikaweka sikio kifuani pake. Nilisikia moyo tu, nao ulikuwa bado unakimbia.