Maharagwe Yaliyorudi Chini ya Volkano

Simu ilipolia, Katungu alikuwa akimpimia mteja maharagwe katika soko kuu la Kisangani. Mdogo wake Clémence alikuwa akipiga kutoka kijijini kwao, chini ya volkano ya Nyiragongo.

"Yaya, dada yangu, mulima ilitumwangia majivu. Mvua ikakuja nayo, majani ikaungua, maua yote ikaanguka. Hatuna hata mbegu ya kupanda tena."

Katungu akageuka kuyatazama magunia yaliyokuwa nyuma yake. Yalijaa maharagwe mekundu yenye madoa, mbegu ya marehemu mama yao, na yalikuwa yametoka shamba lile lile la Clémence msimu uliopita.

"Unisamehe, mama," akamwambia mteja. "Hii haiuzwe tena."

Wauzaji wenzake waliposikia anataka kuyarudisha kijijini, wakamcheka. Tangu lini maharagwe yakatoka Kisangani kwenda Kivu, kule kwao yanakolimwa? Papy, dereva wa lori lililokuwa linarudi mashariki karibu tupu, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Bon, sawa, panda," akasema. "Hiyo sitaki kukosa kuiona."

Njiani, walipoupita mji wa Bafwasende, lori likazama kwenye tope. Katungu akavua viatu, akasukuma pamoja na wanaume huku akicheka, matope hadi magotini. Kila wingu lilipotanda, aliruka kukaza turubai, kwa maana mbegu ikilowa ingeota ndani ya gunia.

Kilima cha kijijini walikikuta kimegeuka kijivu. Majani ya migomba yalikuwa yametoboka, na mbuzi walikuwa wakikohoa. Clémence akatoka mbio, akalikumbatia gunia kabla ya kumkumbatia dada yake.

Majirani wakaja na vikapu, na kila nyumba ikapata fungu lake. Wakalima kwa nguvu, wakigeuza udongo mpaka majivu yakafunikwa, kisha wakapanda. Tangu siku hiyo Katungu hakutulia. Kila kulipokucha alikwenda shambani, akainama kuuchungulia udongo, akarudi.

Mvua safi iliponyesha, mwishowe akaona vishina vilivyopinda vikiinua udongo, mstari baada ya mstari. Akampigia Papy simu, maneno yakigongana mdomoni.

"Papy, imeota. Kilima yote imeota."

"Alors, basi nikuwekee nafasi ya kurudi Kisangani?"

"Beba wengine kwanza," Katungu akasema. "Mimi niko nangoja maua."