Mkwe Wangu na Mimi Katika Mashua Moja

Mwaka wa themanini na sita nyumba yetu ya Ganda ilikuwa imebaki na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Lewa mume wangu tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Katika watoto niliozaa alikua mmoja tu, Priscilla, naye aliolewa na kijana wa bara, Kamande, karani wa posta pale Kilifi. Kilifi si mbali. Kila mwisho wa mwezi Priscilla alikuja na sukari na habari. Chai naweza kuinywa bila sukari. Habari ndizo nilizokuwa nikizingoja.

Kisha Kamande akahamishwa kupelekwa Nyahururu, huko kwenye baridi, karibu na kwao. Sikuambiwa waziwazi kwamba watanichukua, lakini siku moja Priscilla aliniuliza kama nina sweta. Mtu wa Ganda anaulizwa sweta ya nini? Nikajua. Nikamwendea jirani yangu Mbeyu nikamlalamikia, "Hawa wanataka kunipeleka bara nikafe kwa kikohozi." Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu ujana wangu. Nilikuwa nimechoka kupika chungu kimoja asubuhi na kukila mpaka usiku. Nilikuwa nimechoka kusema na mbuzi.

Lakini nilitaka niombwe, na aniombe mwenye nyumba. Nyumba ni ya mume. Binti hawezi kumkaribisha mamake katika nyumba ya mtu kama anayemkaribisha mgeni wa chai. Neno lilipaswa litoke kwa Kamande.

Na hapo ndipo penye ugumu. Kwetu Wagiriama, mama na mume wa bintiye hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Likiwapo neno hupitia kwa mtu wa tatu. Kwao Wakikuyu ni vivyo hivyo, labda hata zaidi. Kwa muda wote wa ndoa ile Kamande na mimi tuliheshimiana sana. Ukiniuliza sura yake siwezi kukueleza vizuri, lakini viatu vyake ningevitambua popote.

Wenzake wa posta walimpa mkono wa kwaheri: safari ya mashua ya watu wachache kutoka Watamu, kwenda kutazama pango la wale samaki wakubwa waitwao tewa kwenye mlango wa hori ya Mida, kisha kupumzika mchangani. Priscilla akasema nafasi moja ni yangu.

"Mama, umezeekea pwani na bahari hujawahi kuipanda."

"Kwani bahari ni punda?"

Lakini nilikwenda. Nilijitanda leso mpya, jozi nzima, nikajua siku hiyo ndiyo nitakayoombwa.

Hakuna aliyeniambia kwamba watu huvua nguo.

Mashua ilikuwa na injini na turubai juu. Nahodha alikuwa Kenga, Mgiriama mwenzangu wa upande wa Gede, mtu wa mdomo mwingi. Waliokuwamo wengine ni Mwitaliano mmoja mnene na mkewe. Mimi nilikaa nyuma, karibu na Kenga na injini yake. Mkwe wangu alikwenda mbele kabisa, akaangalia huko twendako. Priscilla alikaa katikati, mara anageukia huku, mara kule, kama mtu anayelinda vyungu viwili motoni.

Tulipofika Kenga akatia nanga. Akatoa miwani ya maji na mirija ya kupumulia, akaeleza kwamba chini ya jabali lile mna mapango, na ndani yake wamelala tewa wakubwa kama ndama, wamefungua midomo tu, hawana haraka na mtu. Maji yalikuwa yamesimama, hayaji wala hayaendi. Ndiyo saa ya kuingia, akasema. Mara naona mashati yanavuliwa. Mwitaliano alivua, mkewe akabaki na vitambaa viwili ambavyo kwangu visingetosha kufunga ndizi. Hao hawakunihusu, si wakwe zangu. Lakini mbele kule nikasikia mkanda wa suruali ukilia.

Nikageuka upesi, nikajifunika leso kichwani, nikakaa nikiitazama Watamu tulikotoka.

Kenga akacheka mpaka akakohoa. "Hawe," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, "tewa wako huku. Huko unakotazama kuna hoteli."

"Hoteli nazo zinatazamwa."

"Mkweo amevaa kaptura, hawe. Hayuko uchi."

"Fupi?"

Akachungulia mbele. "Fupi," akasema.

"Basi niache na hoteli zangu."

Wakaingia majini, Priscilla naye na gauni lake la kuogea. Alinitazama kabla ya kuruka, kama aombaye ruhusa, nami nikajifanya kutomwona. Kenga akaruka wa mwisho kuwaongoza. Nikabaki peke yangu mashuani. Nilidhani upweke nimeshaujua wote kule nyumbani, kumbe kulikuwa na wa aina nyingine. Niliwasikia wakipumua kwa mirija kama watu wanaokoroma. Niliwasikia wakiinua vichwa na kuitana, "Umemwona yule? Umemwona?" na binti yangu akicheka kicheko ambacho hakuwahi kukileta Ganda. Wote walikuwa wanatazama kitu kimoja, na mimi natazama kingine.

Sijui ni muda gani ulipita. Mashua ikageuka yenyewe juu ya kamba yake, nikaona povu linakimbia kando ya ubao. Maji yameanza kutoka Mida. Hata sisi wa shamba tunajua maji yakitoka mlangoni pale hayabembelezi. Kenga alikuwa upande wa jabali pamoja na Priscilla, akimsukuma Mwitaliano, ambaye alielea vizuri lakini hakuwa na mbele wala nyuma. Hapo nikasikia mtu akikohoa ubavuni mwa mashua, akakwaruza ubao kwa kucha, akateleza, akakwaruza tena.

Mke wa Mwitaliano asingekohoa kwa sauti nene hivyo. Nilijua ni nani.

Kumshika mkono siwezi. Kumtazama siwezi. Na kumwacha aende na maji mpaka Somalia, hilo nalo nitamwambia nini Priscilla? Nikaivua leso ya kichwani, nikaifunga na mwenzake ya kiunoni fundo la mzigo wa kuni, nikarusha ncha moja majini bila kugeuka.

"Shikaaa!" nikapiga kelele kuielekea Watamu.

Ikakaza. Nikaipitisha begani, nikakanyaga ubao kwa miguu yote miwili, nikamvuta nimempa mgongo, kama nivutavyo gogo kutoka shambani. Kijana mzito yule! Priscilla alimlisha vizuri. Nilisikia tumbo lake likipita juu ya ukingo, kisha akaanguka ndani ya mashua kwa kishindo, akalala akitapika maji.

Tulikuwa wawili sisi. Hatukuwahi kuwa wawili mahali popote.

Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Mwambieni mama asante."

Hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Nikajibu, "Mwambieni avae nguo."

Akavaa. Wenzetu waliporudi, Kenga aliona leso zimelowa na mimi nimekaa vilevile, akaelewa yote bila kuambiwa. Safari hii hakucheka. Alisema tu, "Hawe, wewe ni mtu."

Tukaenda kwenye fungu la mchanga linalotoka maji yakipwa. Kenga akawasha makaa, akachoma changu na kamba, akatandika mkeka. Mimi nikashuka nikakaa upande wa pili wa mashua iliyopwelewa, maana hatuwezi kula pamoja. Priscilla aliniletea sahani yangu, akachutama nami kidogo, akauliza kama bega linauma, nikasema haliumi. Lakini lilikuwa linauma. Kisha akaitwa upande wa pili akaenda. Kati yangu na wao palikuwa na mbao tu za mashua. Nilisikia wakila.

Halafu nikasikia mkwe wangu anasema na Kenga polepole. Nikaitengeneza leso yangu mbichi, nikakaa kama mama wa mtu.

Kenga akaja, akachuchumaa, akasafisha koo. Mtu wa utani, lakini alipopewa kazi ya mshenga aliishika kama inavyopasa.

"Hawe, nimetumwa. Mkweo anasema hivi: Nyahururu wamepata nyumba ya serikali, ina chumba cha mama, kina dirisha. Anasema leo amejua kwamba mama ni mtu wa kuwa naye karibu. Anakuomba mwende pamoja."

Haya. Neno nililolingoja limekuja, tena limekuja vizuri, kwa njia yake.

Sasa nisikilizwe hapa. Kwetu mtu mwenye adabu hakubali mara ya kwanza. Ukipewa kiti unasema nitasimama. Ukipewa maji unasema sina kiu. Wazee wa Lewa walipokuja kuniposa, baba yangu aliwakatalia, wakarudi akawakatalia tena, na tembo la mnazi la kuwakaribishia lilikuwa limegemwa tangu siku ya kwanza. Anayekimbilia neno kama kuku aliyemwagiwa mahindi, huyo hana kwao. Nami nina kwetu.

Nikamwambia Kenga, "Kamwambie nimesikia na nimeshukuru. Lakini mimi na baridi hatujuani. Na mji alioniachia Lewa nitamwachia nani? Mwambie nitakaa papa hapa."

Nilisema vizuri, bila ukali, nikauacha mlango wazi kama inavyotakiwa. Kenga akaniangalia, akatabasamu kidogo. Alijua. Akaenda.

Nikangoja mara ya pili. Nilikwisha kuliandaa jibu lake: nitasema, sasa mbuzi je? Na ya tatu nitanyamaza, na kunyamaza ni kukubali.

Kisha nikamsikia mkwe wangu upande wa pili, sauti yake ya heshima kabisa: "Basi. Mama akisema amesema."

Nikasikia Kenga anamnong'oneza. Nikasikia Priscilla anapenga kamasi. Samaki akapoa katika sahani yangu. Hakuna aliyekuja. Maji yalianza kurudi, yakanigusa vidole vya miguu, Kenga akaita watu wapande.

Njia nzima nilikaa palepale nyuma. Injini ilikuwa inapiga kelele, Kenga akainamisha kichwa sikioni mwangu.

"Hawe, nilimwambia ajaribu tena. Nikamwambia kwetu tunakataa kwanza. Akasema kwao mama mkwe hasumbuliwi, ukimrudia ni kama umemwita mwongo. Anaogopa kukukosea."

Nikakamua ncha ya leso.

"Nikamwambie? Neno moja tu, hawe. Niseme nini?"

"Useme nini?" nikamwambia. "Useme naomba? Umwambie mama mkwe wake anaomba chumba chenye dirisha?"

Akashika usukani wake. Nahodha mwema yule, sina neno naye.

Tulipofika Watamu, Priscilla alinishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni chumvi. "Mama, umekataa kweli kweli?" Mumewe alisimama mbali, ametazama chini, viatu vyeusi vimejaa mchanga. Palikuwa na nafasi pale. Angeweza mtu kusema, mwanangu, rudi kamwambie. Nikamwambia, "Nimeshamjibu mumeo. Mnapanda gari, mtachelewa." Akanikumbatia, akanukia bahari, wakaenda.

Watu wameniambia tangu hapo kwamba nilikosea. Sikukosea. Nilikataa kama watu wanavyokataa, naye aliheshimu kama watu wake wanavyoheshimu, na hakuna kati yetu aliyekosa adabu hata kidogo. Mnitajie kosa liko wapi.

Nilifika Ganda jua limelala. Mbeyu alikuwa uani kwake anapepeta mchele, wajukuu wamemzunguka, mwanawe anapigilia msumari mlangoni.

"Haya, mama Priscilla! Wanakuchukua lini hao?"

"Nimekataa mimi," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Wameniomba sana. Nimekataa."

"Umefanya vyema," akasema Mbeyu. "Ungekwenda kufanya nini huko, na hapa uko kwako?"

Akainua ungo wake akaingia ndani, na wajukuu nao wakamfuata wakigombania nani atakaa karibu na bibi. Mimi nikafungua mlango wangu, nikapapasa kiberiti, nikapima unga wa mtu mmoja.