Bakuli la Mtu Mzima

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa bado na miguu ya kusimama kutwa, nilipomfukuza mteja kwa maneno mawili niliyoyaandika mwenyewe.

Nilikuwa nikihudumu katika mkahawa wa Kijapani kule Northfield, mtaa wa hapa Birmingham, wa mama aitwaye Sachiko. Tuliuza tambi za mchuzi. Kwenye menyu yake ya Kijapani kulikuwa na vipimo vinne: sukuname, nami, omori na tokumori. Akaniomba nivitafutie Kiingereza, kwa kuwa mimi ndiye niliyezungumza na wateja. Nilifurahi kupita kiasi. Niliacha shule kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki nikabaki na wadogo zangu watatu, na hakuna aliyewahi kuniomba niandike kitu cha kusomwa na watu.

Vitatu havikunisumbua. Nami ni kipimo cha kawaida, nikaandika regular. Omori ni kikubwa, large. Tokumori ni kikubwa zaidi, extra large. Kuhusu sukuname, Sachiko aliniambia ni kupunguziwa kidogo. Hapo sikumuuliza mtu. Kwetu Nakuru aliyepakuliwa kidogo alikuwa mtoto. Ukiona mtu mzima ana ugali kidogo, ujue unga umeisha na hataki mjue. Nililijua hilo kwa sababu mtu huyo alikuwa mimi, niliyewaambia wadogo zangu kwamba nimeshakula jikoni. Basi nikaandika child's portion, yaani chakula cha mtoto, nikaona kazi imekwisha.

Kulikuwa na ajuza mmoja, Doreen, mjane, aliyekuja kila Alhamisi. Tangu mumewe afariki alikuwa haoni sababu ya kuwasha jiko, na bakuli letu ndilo lililokuwa chakula chake cha moto cha wiki. Zamani alionyesha kwa mkono tu kiasi anachotaka. Siku menyu mpya ilipotoka aliisoma, akaagiza regular. Alikula nusu, akafunika iliyobaki kwa karatasi ya kupangusia mikono, kama mtu anayeficha kosa. Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Nilikutana naye barabarani amebeba biskuti. Nikamuuliza tumemkosea nini.

“Nina miaka sabini na minane, bab,” akasema; hilo bab ndilo neno lao la upendo hapa Birmingham. “Siwezi kuagiza chakula cha mtoto mbele za watu.”

Nilirudi nikamweleza Sachiko, nikitarajia kufukuzwa kazi. Hakupaza sauti. Aliendelea kukata vitunguu vya majani.

“Selina, kwetu mtu mzima huomba sukuname bila haya, na mpishi hushukuru, maana bakuli litarudi tupu. Wewe umeandika njaa ya kwenu. Nenda ukamuulize yeye angesemaje.”

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Jioni hiyo nikabisha mlangoni kwa Doreen nikamuuliza. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina la siku. Angesema smaller, basi. Yaani kipimo kidogo kuliko cha kawaida. Nikafuta child's portion kwenye menyu, nikaandika neno lake. Alhamisi iliyofuata alilisema neno hilo kwa sauti, meza ya jirani ikasikia, na hakuna aliyegeuka. Bakuli lilirudi tupu.

Mwanangu, wewe uliyezaliwa hapa unamtafsiria mama yako, mdogo wangu, kwa daktari, na shangazi yako kwenye ofisi za nyumba. Kujua lugha mbili ni nusu ya kazi. Kabla hujamchagulia mtu neno, fikiria yeye atakavyojisikia akilitamka mbele za watu, na kama hujui, muulize. Usione haya kuuliza; mimi nilijifanya najua, na aliyekosa chakula hakuwa mimi. Tena usidhani kila anayetaka kidogo amepungukiwa. Wengine wameshiba maisha, wanataka tu kinachowatosha.

Mungu akupakulie kinachokutosha, mwanangu, na kila utakayemsemea aondoke ameinua kichwa.