Walioniita Kupe

Mwenyekiti wa kijiji chetu ndiye aliyeninyima trekta. Naanza na yeye nisije nikasahau nikizidiwa na maneno mengine. Majina sitayataja, maana wana watoto, na watoto hawakunikosea kitu. Vyeo nitavitaja, na kila mmoja akisomewa atajijua.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye mihogo yetu tukapangwa mistari miwili kando ya barabara, kila mtu na kibanda chake cha nyasi. Mimba yangu ya kwanza ikatimia humo humo. Nilijifungua mchana, mtoto wa kike, mzima, sauti kama filimbi. Kisha damu ikaja na ikakataa kukatika. Mkunga akasema, “Huyu apelekwe zahanati sasa hivi, mimi nimefika mwisho wangu.” Mume wangu akakimbia kwa mwenyekiti. Trekta la kijiji lilikuwepo. Tela lake lilikuwa limejaa viti vya shule, vinangoja kupelekwa uwanjani kwa ajili ya mgeni wa wilaya aliyetazamiwa kesho yake.

“Nikivishusha, nani atavipakia tena?” mwenyekiti akasema. “Wanawake wanazaa tangu Hawa. Mlazeni vizuri, itakatika.”

Mgeni hakuja. Viti vilirudi shuleni.

Sikufa. Nilizimia, nikarudi, nikazimia tena. Nilipopata kuona sawasawa, nilimwona wifi yangu ameketi mlangoni ananyonyesha mwanangu. Alikuwa amezika kichanga chake siku si nyingi kabla, na maziwa yalikuwa yanamtoka bila wa kunyonya. Hapo simlaumu. Bila yeye mtoto angekufa.

Mimi maziwa hayakuja. Wakanikanda kwa maji ya moto, wakaninywesha uji wa karanga, wakanichemshia mizizi. Titi likabaki kama kitambaa. Damu ya mwezi nayo haikurudi tena. Nyusi zikapukutika, nywele za kwapa zikaisha. Nilikuwa nasikia baridi mchana wa mwezi wa kumi, wakati Tabora hata mbwa wanagombea kivuli. Na usingizi! Si ule wa mtu aliyechoka. Ni kama umefunikwa blanketi lililolowa na mtu amelikalia.

Kijiji chetu kiliendeshwa kwa ringi ya lori iliyoning’inizwa mtini. Ikigongwa alfajiri, kila mtu anatoka na jembe kwenda shamba la pamoja. Nilikuwa naisikia. Masikio yalisikia, miguu haikusikia. Nikifika, wenzangu wamemaliza matuta yao wanapiga soga.

Kwetu Unyamwezi ukimwita mtu mvivu umemtukania ukoo. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, akarudi kwa miguu na majora ya nguo begani. Mimi mjukuu wake nikashindwa na jembe.

Siku ya mkutano mwenyekiti akanisimamisha mbele ya watu.

“Ndugu zangu, kupe ni nani?”

“Ni mnyonyaji!” wakajibu.

“Basi huyu amempita hata kupe. Kupe hana mtoto anayemlilia maziwa. Huyu kunyonya anajua, kunyonyesha hajui!”

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mume wangu aliangalia viatu vyake vya tairi kana kwamba ndiyo kwanza anaviona leo.

Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea, yuko kwa mama mkwe pamoja na wifi. Jioni ile nikaenda kumtaka. Mama mkwe alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe. Hakuinua uso.

“Mtoto ana mama yake aliyemnyonyesha,” akasema. “Wewe ulikuwa mfuko tu, na mfuko umeshatoboka. Siku utakayolima tuta moja mpaka mwisho bila kukaa chini, njoo umchukue.”

Nilijaribu. Mungu ni shahidi wangu, nilijaribu. Nililima nusu ya tuta, macho yakafunga giza, nikaangukia jembe. Waliopita walisema nimeanza tena michezo yangu. Kaka yangu ndiye aliyenikuta hivyo. Alikuwa amekuja kunitazama kutoka kwetu nilikozaliwa, Ntalikwa. Hakugombana na mtu. Alinifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa khanga yangu mwenyewe, akakanyaga mpaka hospitali mjini.

Daktari hakunigusa kwanza. Aliniangalia nyusi, akaniuliza, “Mama, ulipojifungua, maziwa yalitoka?”

Nikalia. Neno ambalo kijiji kizima kilinichekea, huyu ananiuliza kama mtu anayeuliza njia.

“Na damu ilitoka nyingi?”

“Nyingi, dokta.”

Akavuta kigoda akakaa. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini maneno yale nilielewa yote. Alisema chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya choroko. Hiyo ndiyo inayotuma habari mwilini, na habari zake zinaitwa homoni, zinasafiri ndani ya damu. Inaziamuru tezi nyingine: ya shingoni ilete joto na uchangamfu, zile zilizokaa juu ya figo zikupe nguvu ya kusimama, mayai yapevuke, maziwa yaje. Mwanamke akiwa na mimba, punje ile inanenepa na kutaka damu nyingi. Damu ikimwagika kupita kiasi, inakosa chakula, inakufa. Zile nyingine nzima, zimekaa tu. Hakuna wa kuzigongea ringi.

“Kwa hiyo sikuwa mvivu?”

“Mvivu?” akashangaa. “Mama, mimi sijui umefikaje hapa ukiwa hai.”

Akaniambia pia sitazaa tena. Nilifikiri nitalia upya. Nikajikuta nahesabu nilichonacho: nina mmoja, na huyo mmoja yuko mikononi mwa watu.

Nikaanza vidonge, baadaye wakaniongezea vya aina ya pili. Siku si nyingi njaa ikarudi. Nesi wa wodi alikuwa Mgogo, mtani wangu.

“Mnyamwezi wewe, uji wa wodi nzima umeumaliza! Kesho utatafuna kitanda?”

“Nyamaza, Mgogo! Babu yangu aliwalipa hongo ya njia kila alipopita kwenu na mizigo. Leo najilipa kwa vikombe.”

Alicheka mpaka akaitua sufuria chini. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ina nguvu. Nilikuwa nimeisahau.

Nilirudi kijijini na kaka, na baiskeli yake. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nikamwamkia, shikamoo yake nikampa, sikutaka kudaiwa heshima. Akaitikia marahaba, akanisukumia jembe.

“Tuta lile pale.”

“Silimi,” nikasema. “Mtoto wangu si ujira wa kibarua. Nilikuwa mgonjwa, na walionifikisha hapo ni mwanao aliyenyamaza na mwenyekiti wenu aliyependa viti.”

Mume wangu alikuwepo. Akaangalia tena viatu vyake vya tairi.

Wifi akasema polepole, “Muulize mwenyewe anamtaka nani.” Mtoto akajificha nyuma ya khanga ya wifi. Iliniuma kuliko kule kuzaa. Lakini sikumuuliza. Mtoto haulizwi nani alimzaa.

Kaka akaniwekea baiskeli tayari. Nikaikataa. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikapita katikati ya mistari ile miwili, mchana kweupe, mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walitoka milangoni. Mwenyekiti alisimama kwenye kizingiti.

“Unampeleka wapi mtoto wa kijiji?”

“Ninakotaka. Au unataka kumpakia viti?”

Hakuna aliyecheka upande wake. Mtoto alinipiga ngumi za mgongo, akaning’ata bega, akalia akimwita mama yake, na mama huyo hakuwa mimi. Alilia mpaka Ntalikwa. Sikumshusha.

Vidonge nameza mpaka leo, vikiadimika natafuta mpaka nipate. Yeye sasa ni mtu mzima, tunakaa Mtendeni, Tabora mjini, anauza vitumbua. Sikukuu anakwenda kumwona wifi, namfungia asali ampelekee. Binti anamwita wifi mama. Mimi ananiita mama mdogo, hata mbele za wageni, na wageni hunitazama usoni waone kama nitaumia.

Aite anavyotaka. Ananiita akiwa jikoni kwangu.