Sabuni Tuliyoisoma Kutoka Kulia

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Shumba kutoka skuli, na aliyenipokea uani si bibi wala kuku wake, bali harufu ya mafuta ya nazi yakichemka kwa jirani. Nikakaa kitako juu ya sanduku langu la nguo. Skuli wananijua kwa kucheka kila kitu, hata mwalimu mkuu akipiga chafya. Lakini ile harufu, rafiki yangu, hainichekeshi kabisa.

Hunirudisha mwaka wa hamsini na nane, sijaanza skuli, nasoma Kurani chuoni tu. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa ameposwa na mtu wa kisiwa cha Fundo, harusi inangoja Idi ipite. Naye hakuwa mtu wa kukaa ndani akingoja kuozwa. Alitaka aende kwa mumewe na sabuni aliyoipika mwenyewe, mawifi wa kisiwani wasije wakasema wameletewa mzigo. Jirani yetu, mwalimu wa skuli ya serikali, akamwazima kijitabu cha wanaoanza kujifunza kazi za mikono: kusuka vikapu, kutia nguo rangi, kupika sabuni. Akampa na kopo la soda kali, nyeupe kama chumvi, akamwambia, "Fuata picha, binti. Na mkono usitie."

Maandishi yalikuwa ya Kizungu, sote wawili hatuyajui. Picha zilikuwa mbili mbili kwa kila safu. Tukaketi bandani uani, kijitabu tumekilaza juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Haya, soma wee mwanachuoni," shangazi akasema.

"Nisome picha?"

"Kwani picha na herufi si zote wino? Soma, bibi yako asije akatukuta."

Nikasoma nilivyofunzwa, kulia kwenda kushoto, kidole kikitembea kama niko mbele ya maalimu na bakora yake. Hatukujiuliza. Kwetu sisi kusoma kulikuwa na njia moja. Safu ya kwanza ilitusamehe: tuliyapasha mafuta ndipo tukayachuja, badala ya kuyachuja kwanza. Safu ya pili, upande wa kulia, mwanamke anatia soda chunguni. Upande wa kushoto, anatia maji. Basi tukatia soda katika chungu kitupu. Shangazi akainama juu yake, akamimina maji.

Wenye kitabu chao, wasomao kutoka kushoto, walitaka maji yatangulie.

Chungu kililia kama paka aliyekanyagwa, kisha kikatema. Mvuke ukanikaba koo. Nilipoweza kutazama nikamwona shangazi kajishika jicho, na hapigi kelele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana huyu alikuwa akiona mjusi tu, mtaa mzima unajua.

"Linaungua," akasema polepole. "Niitie watu."

Nilikimbia. Kikoi kiliniponyoka njiani, nikaendelea bila yake. Bibi akaja akilia, "Mwanangu, mwari wa watu huyu." Mwanamke mmoja akasema atafutwe mwenye mtoto mchanga amkamulie maziwa jichoni. Mwalimu akaupita ua wa makuti, hakuuzunguka, akaupita katikati.

"Maji," akasema. "Msitie kitu kingine, maji matupu, na msiache."

Kata ya kumiminia maji nikapewa mimi. Kichwa cha shangazi kililala mapajani mwa bibi, mwalimu akamshikilia kope kwa vidole, mimi nikawa namimina. Jicho lilikuwa jekundu kama pilipili, na katikati pametanda ukungu. Wanawake walikwenda kisimani na kurudi, na mimi namimina tu. Dua nilizokuwa nazijua nilizisoma zote, hata ile ya kuingilia chooni.

Gari ya karafuu ikampeleka hospitali Wete. Daktari akamtia dawa, akamfunga kitambaa, akasema tungoje. Kungoja kule, rafiki yangu, usikuombee. Bibi alikuwa akijisemea jikoni, "Kitabu hakina mdomo, ukikosea hakikwambii." Barazani wanawake walinong'ona, wale wa Fundo watamchukua na jicho moja? Mimi nilimpelekea uji nikitazama ukutani, nisikione kile kitambaa.

Asubuhi ya kukifungua, bibi alikikunjua polepole mpaka nikatamani kutoroka. Shangazi akaliziba jicho zima kwa kiganja, akabaki na lile lililoungua.

"Waona?" bibi akauliza.

Nilisogea nikasimama mbele yake.

"Namwona mtoto kasimama hapa," akasema, "na kamasi zimemfika mdomoni. Hebu mfuteni."

Bibi akalia. Mimi nikacheka mpaka nikajikojolea kidogo, na hilo nalo shangazi akaliona.

Akaolewa. Mwalimu alikuja mwenyewe kukichukua kijitabu chake, na sikusikia tena kwamba kamwazima mtu. Uani petu hapapikwi sabuni siku hizi. Yatoka dukani, mche mrefu, wakatwa kwa uzi. Likizo hiyohiyo nilivuka kwenda Fundo kumtazama shangazi. Anaona vyema, aliyacheka masharubu yangu kabla sijamaliza kumwamkia. Zamani alikuwa akinawa uso macho wazi, povu limemjaa, huku akinitafutia la kunitania. Sasa huyafumba kabla hajaigusa sabuni, huyabana kama mtu anayengoja kofi, kisha hunyoosha mkono hewani kuitafuta kanga. Nilimtilia kanga mkononi, nikasimama palepale nikingoja afumbue.