Noti

Kosa langu la kwanza la Kiingereza lilikuwa kumtafsiria mama neno nisilolijua. Hadi leo nikinusa polishi nyekundu ya sakafu kwenye baraza za mtaa huu wa La Rochelle, kusini mwa Afrika, najiona tena na mama mlangoni mwa darasa, tukiwa wageni kutoka Tanga. Mwalimu alininyooshea kidole akasema, "Naughty!"

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema noti, mama."

"Noti ya nani? Umeiba, wewe?"

Alinipekua mifuko, akanivua hadi soksi, wenzangu wakicheka dirishani. Hakukuta chochote. "Mwambie mwalimu kwamba mwanangu hana kitu," alisema.

Miaka mingi baadaye nilijisomea kwenye kamusi kwamba neno lile zamani lilimaanisha mtu asiye na kitu, kisha likawa la mtu mwovu, na mwishowe likabaki la mtoto mtundu. Nilimsomea mama nikidhani atacheka.

"Kumbe ulikuwa mtundu tu," alisema. "Na mimi nikakuvua soksi mbele za watu."

Siku hizi sitafsiri neno kabla sijalitazama kwenye kamusi, na mama haniombi tena nimtafsirie.