Taa Chini ya Unyayo

Tangu mkewe Charity afariki, Mzee Hiribae wa Chara huvua peke yake pale Tana inapoingia baharini. Asubuhi hiyo, kwa mawazo, aliingia majini akinyanyua miguu kama yuko kwenye tope la shamba la mpunga. Hakuiburuza mchangani ili taa, wale samaki bapa wanaojificha chini, washtuke na kuondoka. Akakanyaga ubawa wa mmoja. Mkia wenye mwiba ukapinda juu ya mgongo, ukitafuta mguu.

“Usiruke, shemeji!” akapiga kelele Florence, dada wa marehemu Charity, aliyekuja kununua samaki. “Mwachie njia!”

Hiribae akainua kisigino polepole. Taa akapiga mabawa, mwiba ukachana suruali, kisha samaki huyo akapotea kwenye maji ya matope.

“Una haraka ya kumfuata dada yangu?”

Hiribae akaitazama suruali. “Bado,” akasema.